Siku Pichi ya Baba Ilipovunja Rekodi

Wiki hii wanatengeneza barabara nje ya nyumba yangu hapa Komarock. Asubuhi lori hupita likimwaga maji juu ya udongo, kisha rola inafuata polepole, inakwenda na kurudi, na kabla ya saa nne harufu ya udongo uliolowa na kushindiliwa imeshaingia hadi jikoni. Majirani wanalalamikia kelele. Mimi kelele sina neno nazo. Nafunga madirisha kwa sababu ya ile harufu, nayo inapenya chini ya mlango, na nikiisikia tu najikuta tena Makadara, mtoto wa darasa la pili, nimechuchumaa mlangoni namfungua baba kamba za viatu.

Baba alinukia hivyo. Baba za wenzangu walinukia sabuni ya kiwandani, au mafuta ya mashine, na wengine chang'aa, tusidanganyane. Wangu alinukia udongo mweusi na nyasi zilizokatwa. Alikuwa mtengenezaji wa pichi katika klabu moja ya kriketi upande wa pili wa mji, klabu ambayo sitaitaja, maana waliohusika wengi wao wameshakwenda na mimi sina nguvu za kugombana na makaburi. Nyinyi wa rika langu mliokulia Eastlands miaka ile mnakumbuka kriketi ilikuwa nini kwetu. Ilikuwa kitu cha redioni, kinachosomwa mwishoni mwa habari wakati watu wameshaanza kusogeza viti. Mpira ulikuwa ule wa miguu, wa makaratasi na kamba. Kriketi ilikuwa ya watu wenye magari.

Kwa hiyo nilipowaambia wenzangu kazi ya baba walicheka. Njoki, binti wa jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa damu, alicheka kuliko wote. "Budako hufyeka nyasi tu," aliniambia, na sikuongea naye mpaka kesho yake asubuhi.

Hakuwa anafyeka nyasi tu. Pichi, kwa watu wa kriketi, si uwanja mzima. Ni kile kipande chembamba cha katikati, kilichonyolewa hadi kikapauka, ambapo mmoja anarusha mpira na mwingine anaupiga kwa gongo. Akiupiga mbali anakimbia hadi upande wa pili, na kila akivuka anahesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukifika ukingoni mwa uwanja anapewa minne, na ukipita ukingo ukiwa bado hewani anapewa sita bila kusogea alipo. Anayefikisha mia amefanya jambo la kusimuliwa. Haya yote baba alinifundisha nyuma ya nyumba zetu, karibu na bomba la maji, kwa vijiti viwili na kokwa la parachichi. Mama alikuwa akipita na ndoo anatutazama, anatikisa kichwa na kuuliza kama hesabu hizo zitanisaidia kwenye mtihani.

Na kama mhubiri, baba alikuwa na neno lake moja alilolirudia. Pichi nzuri, alisema, ni ile inayotoa mikimbio. Mpira ukidunda sawa, usiruke huku wala usizame kule, mpigaji anaiamini ardhi na kuachilia mkono. "Akishaiamini pichi, mama, atakupa mia." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Sasa mtanielewa. Sisi ni watu wa mahindi. Kila Krismasi tulipokwenda ushago, kijijini kwetu Bungoma, niliona jinsi shamba la nyanya yangu, mama yake baba, lilivyosifiwa au kusengenywa kwa magunia liliyotoa, na magunia yakawa ya mwenye shamba. Hakuna aliyewahi kumsifu mtu aliyekuja kuvuna. Nikachukua hesabu hiyo nikaipeleka kwenye kriketi nzima nzima. Pichi inatoa mikimbio, basi mikimbio ni ya mwenye pichi. Yule bwana mwenye gongo niliyemwona gazetini, amevaa nyeupe, nilimhesabu kuwa mvunaji tu. Nilikuwa na hakika kwamba mwishoni mwa kila mechi baba aliitwa mbele ya watu akaambiwa pichi yake imetoa ngapi, na kwamba huwa hatusimulii nyumbani kwa sababu ya unyenyekevu wake. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa sikumuuliza mtu. Mtoto haulizi kitu anachokijua.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililolielewa vizuri. Baba alikuwa kibarua. Tangu kabla sijazaliwa alikuwa akienda kila asubuhi akiwa kibarua na kurudi kibarua, na kuandikwa kazi ya kudumu ndiko kulikuwa wimbo wa nyumba yetu. Tukiombea chakula tuliombea na kuandikwa. Akiandikwa tungehama kutoka kile chumba kimoja cha kukodi tukapata viwili, na tukipata viwili, kaka yangu Wafula angetoka kwa nyanya aje tuishi naye. Aliachwa kule akiwa mdogo kwa sababu chumba hakikutosha na mdomo mmoja zaidi ulikuwa mzigo. Pale Makadara kila mtu alimwita mama yangu Mama Wafula, kwa jina la mtoto ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumtia machoni. Mama aliitika. Ila kuna siku nilimwona akiitwa hivyo, anachelewa kidogo kugeuka.

Basi ikasemekana kuna mechi kubwa inakuja, ya kimataifa, ya siku moja, timu yetu na wageni wenye majina ya kutisha. Katibu wa klabu alimwita baba akamwambia ataitengeneza pichi hiyo yeye mwenyewe, na mechi ikienda vizuri ataandikwa. Baba alituletea habari hizo akiwa bado amesimama mlangoni. Mama aliketi kitandani, akauliza taratibu kama katibu alisema "ataandikwa" au alisema "tutaona." Baba akasema alisema ataandikwa.

Kuanzia siku hiyo hatukumwona mchana wa Jumapili hata mmoja. Jumamosi ya mwisho kabla ya mechi mama alikuwa na msiba wa mtu wa kanisani, na shule ilikuwa imefunga, ndipo baba akanichukua. Nakumbuka tulivua viatu wote wawili kabla ya kukanyaga uwanja, ingawa hakuna aliyetuamrisha. Nakumbuka jinsi pichi ilivyokuwa ya baridi na ngumu chini ya nyayo, na harufu yake, hii hii inayonifungisha madirisha leo. Wanaume wanne walikuwa wakivuta rola ya chuma kwa mikono huku wakiimba pole pole, na baba akitembea mbele yao akiinama, akiokota hata punje ya mchanga. Walipopumzika alilala kifudifudi, akaweka shavu chini, akatazama urefu wote wa pichi kwa jicho moja. Akanifanya nilale kando yake nami nitazame. Sikuona kitu. Nilimwambia ni nzuri sana.

Nyasi fupi zilikuwa zimebaki katikati, za kijani bado. Katibu alikuja akiwa na kofia nyeupe na funguo zinalia mkononi, akasimama juu yetu.

"Hizi nyasi toa zote," alisema.

Baba aliinuka akajipangusa. Alisema kwa heshima kwamba nyasi kidogo zikibaki zitawasaidia warushaji wetu, mpira utakuwa unacheza kidogo. Zikinyolewa zote hawatakuwa na lolote, na wale wageni ni wapigaji wakali.

"Watu wanalipa kuona mikimbio. Wape mikimbio."

"Sawa, bwana katibu. Na ile habari yangu?"

"Kwani nilisema nini? Mechi ikienda vizuri, unaandikwa."

Nilisikia kwa masikio yangu. Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba akinishika mkono, na alinunua miwa njiani, jambo ambalo hakuwa analifanya. Nilijua tumeshashinda. Wape mikimbio, na baba yangu alikuwa mtu wa kutoa mikimbio.

Siku ya mechi aliondoka kabla sijaamka. Mama alikwenda kwenye meza yake ya mboga karibu na mahakama, akaniacha kwa Mama Njoki, ambaye alikuwa fundi wa cherehani na mwenye redio kubwa kuliko zote kwenye mstari wetu. Alikuwa ameniahidi kwamba hatabadilisha stesheni. Asubuhi yote cherehani ililia na redio ikapiga nyimbo, na mimi na Njoki tukiokota vipande vya vitambaa sakafuni. Ilipofika habari za mchana nilimwomba asimamishe mashine, akasimamisha.

Walisoma mambo ya rais, wakasoma mambo ya bei ya unga, kisha yakaja ya michezo. Sauti ya msomaji ilibadilika, ikachangamka. Katika uwanja hapa Nairobi, alisema, mpigaji wa wageni amefikisha mia kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana popote katika mechi za siku moja, na rekodi ya dunia imevunjwa. Akasema mashabiki wamesimama. Akasema mipira ilikuwa ikipotea nje ya ukuta.

Mama Njoki alinitazama juu ya miwani. "Si huo ndio uwanja wa babako?"

Nilikuwa nimeshatoka mlangoni, nakimbia pekupeku, na Njoki nyuma yangu ananiuliza kwa nguvu kwani budangu ndiye alipiga. Nilimwambia, bila kugeuka, kwamba kupiga kila mtu anaweza.

Mama alikuwa akifunga mrenda kwa kamba za migomba. Nilimweleza nikihema: pichi ya baba imetoa mikimbio kuliko pichi zote za dunia, redio imesema, watu wamesimama. Alinifanya nirudie. Aliniuliza kama nina hakika kwamba hilo ni jambo jema, na mimi, mwanafunzi wa baba, nikamweleza yote, pichi nzuri ni ile inayotoa mikimbio, na jinsi katibu mwenyewe alivyosema awape mikimbio. Mama hakujua lolote la kriketi. Alikuwa na mimi tu wa kumwambia. Alifunika mboga kwa gunia katikati ya mchana, wakati wateja wa mahakamani ndio wanatoka, akamwachia mwenzake meza, akanishika mkono. Tulitembea hadi nyumbani, na kila nilipomtazama alikuwa akitabasamu peke yake.

Tulikuwa na kuku mmoja, tetea mwekundu aliyelala kwenye kikapu chini ya meza. Alikuwa wa mayai na alikuwa pia wa Krismasi. Mama alimchinja. Aliazima sufuria kwa Mama Njoki na Mama Njoki akaja pamoja na sufuria yake, halafu wakaja wamama wawili wa kanisani, mmoja na chapati, mwingine na chupa ya chai, na ugali ukapikwa wa kuliwa na kuachwa. Kile chumba kilinukia kitunguu na mafuta hadi nje. Mama alisimama katikati yake na mwiko, na mtu alipomwita Mama Wafula aligeuka mara moja.

"Huyo kijana sasa atakuja," Mama Njoki alisema. "Nimshonee kaptula ya shule."

Mama akamwonyesha kwa mkono urefu wa Wafula, kisha akasita, akaupandisha mkono kidogo, maana ulikuwa ni urefu wa Krismasi iliyopita.

Baba aliingia jua likizama, wakati mmoja wa wale wamama yuko katikati ya maombi ya shukrani. Alisimama mlangoni, akavua kofia. Mimi nilikuwa nimefumbua macho, kwa hiyo nilimwona kabla ya wengine. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi, na ndani yake vimetokeza viatu vyake vya mpira vya kazi. Viatu vile havikuwahi kuja nyumbani, vililala stoo ya klabu. Nikajiambia basi wamempa vipya, ndivyo wanavyofanyiwa walioandikwa. Yule mama aliendelea kumshukuru Mungu kwa kumwinua mnyonge kutoka mavumbini, akarefusha, na baba akasimama pale ameinamisha kichwa hadi mwisho, akasema amina pamoja nao.

Walimpigia makofi. Wamama walimshika mkono mmoja mmoja. Alimtazama mama, akatazama sufuria, akatazama kile kikapu kitupu chini ya meza. Nilidhani ataanza kusimulia. Alisema tu, "Asanteni kwa kuja. Tule, chakula kisipoe."

Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Hakuna mwingine anayeigusa. Mwanamke akipika kuku na firigisi isionekane, hiyo ni kesi ya kuitiwa wazee, na nimewahi kuona ushago shangazi akilia kwa sababu paka aliiba moja. Mama aliitoa kwa kijiko, akaiweka juu ya ugali wa baba, akamkabidhi sahani kwa mikono miwili huku amekunja magoti kidogo, sherehe ambayo siku za kawaida hakuwa nayo. Baba aliipokea. Aliishika ile firigisi kwa vidole, akaigeuza. Kisha akanyoosha mkono akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mama," alisema.

Wageni walicheka, wakasema huyu mtoto anapendwa. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika upawa, mchuzi ukimdondokea mguuni, naye hausogezi. Mimi nilielewa kwa namna yangu: nimepewa tuzo. Mimi ndiye niliyeijua kriketi nyumba nzima, mimi ndiye niliyelala kifudifudi nikaitazama pichi ile nikasema ni nzuri. Niliila taratibu nikimtazama Njoki kwenye macho. Sijawahi tena kula kitu kitamu namna ile, na imenitokea nikiwa mtu mzima kuona firigisi kwenye sahani ya hoteli nikaomba iondolewe.

Asubuhi nilipoamka jua lilikuwa juu na baba alikuwa bado kitandani. Sikuwa nimewahi kumwona kitandani mchana. Nilimuuliza kama walioandikwa wanachelewa kwenda, akasema leo anapumzika. Siku iliyofuata akapumzika tena. Ni mama aliyeniambia, tukiwa njiani kwenda kwenye meza yake, bila kunitazama na bila kupunguza mwendo: baba yako hana kazi.

Nilimwambia haiwezekani, kuna rekodi.

"Rekodi ni ya aliyepiga mpira," mama alisema. "Wewe ulidhani ni ya nani?"

Mengine niliyapata vipande vipande miaka iliyofuata. Timu yetu ilifedheheka vibaya, warushaji wakawa kichekesho, na mchezo ulipokwisha wakubwa wa klabu walitaka kujua ni nani aliyenyoa ile pichi ikawa kama sakafu. Walisema imewasaliti. Katibu alikuwa amesimama pale pale na kofia yake, na alimwonyesha baba kwa kidole. Baba alisema, "Lakini, bwana katibu." Hilo tu ndilo alilosema. Wakati huo nje wageni walikuwa wakibebana mabegani, na baba aliambiwa akusanye vitu vyake kabla giza halijaingia.

Alirudi kule kuomba. Alikwenda amevaa shati lake la kanisa, akakaa langoni hadi askari wa lango, ambaye alikuwa akigawana naye chai, akamwambia tafadhali asimfanye naye afukuzwe. Alikwenda tena. Kisha akaacha.

Wafula hakuja. Mtu mmoja wa kwetu aliyekuwa akisafiri alipewa ujumbe ampelekee nyanya, kwamba mambo bado, na kaka yangu alikulia huko hadi akawa mwanamume mwenye ndevu. Tukikutana tunaheshimiana mno kwa watu waliozaliwa tumbo moja. Ile kaptula Mama Njoki alikuwa ameshaikata. Aliimalizia akampa mtoto mwingine, na nilikuwa nikiiona ikipita mbele ya nyumba yetu kwenda shule.

Na watu wa mtaa wetu mnawajua kwa kupachika majina. Haikupita muda vijana wa pale kwenye kona wakambandika baba jina. Walimwita Rekodi. "Niaje, mzee Rekodi," walisema akipita na mkokoteni, maana aliishia kusukuma mizigo Gikomba hadi Majengo, mitumba ya watu na magunia ya viazi. Sidhani walikuwa na ubaya, vijana wale. Wengine hata hawakujua jina lilitoka wapi. Baba aliwaitikia kila mmoja. Nilichukia jinsi alivyokuwa akiitikia, nilitaka siku moja awatukane. Nyumbani kriketi haikutajwa tena. Siku moja nilichukua kijiti pale bombani nikamwonyesha Njoki jinsi ya kushika gongo, na baba aliyekuwa ameketi nje kwenye jua akainuka, akachukua kigoda chake akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilipopata kazi na nyumba hapa Komarock nilimchukua akae nami. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alikuja na kiharusi kilichompoozesha upande mmoja, na mdomo wake ulihitaji muda kabla neno halijatoka, lakini akili yake ilikuwa nzima kabisa, na pengine ingekuwa nafuu kama isingekuwa. Nilimwekea redio karibu na mto. Miaka ilikuwa imepita mingi, mimi mwenyewe mvi zimeanza.

Asubuhi moja nilikuwa nikimlisha uji redio ikisoma michezo. Msomaji alisema kwamba katika nchi fulani ya mbali mpigaji mmoja amefikisha mia katika mechi ya siku moja kwa kasi zaidi ya mtu yeyote, na kuivunja ile rekodi ya zamani iliyowekwa Nairobi. Akamtaja huyu wa sasa, akamtaja yule wa kwanza. Baba aliinua ule mkono wake mzima kunizuia na kijiko.

"Na mtu wa pichi?" aliuliza.

"Mtu gani, baba?"

"Huyo aliyeitengeneza hiyo pichi. Wamemfukuza?"

Nilimwambia sijui, redio haikusema. Akasema siku hizi tuna simu zenye kila kitu, nitafute. Nilitafuta kweli. Niliona picha za yule mpigaji akiwa ameinua mikono, na chini ya viatu vyake ile ardhi iliyopauka, imenyolewa safi. Hakuna mahali palipoandikwa ni nani aliyeishindilia. Jioni niliporudi kutoka kazini baba aliniuliza kabla sijaweka mkoba chini. Kesho yake aliniuliza. Ikawa hataki habari ya dawa wala ya chakula, anataka kujua kama yule mtu amefukuzwa. Wafula alipopiga simu kutoka ushago naye akaulizwa, na Wafula, ambaye hakuwa anajua chochote cha mambo yale, alidhani mzee ameanza kuweweseka.

Mwishowe niliona namuua kwa kumnyima jibu. Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake nikamshika mkono, nikamwambia nimepata. Hawakumfukuza, baba. Walimshukuru mbele ya watu wote na bado yuko kazini. Nilitaka alale usingizi usiku mmoja.

Upande mmoja wa mdomo wake ulitafuta neno.

"Hawakumfukuza."

"Hawakumfukuza, baba."

"Na ilikuwa pichi kama yangu?"

Nilisema ilikuwa kama yake. Aligeuza uso ukutani. Nilidhani amelala, nikaanza kuinuka taratibu, ndipo alipouliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Basi mimi nilikosa nini?"

Hilo ndilo aliloniuliza kila jioni tangu siku hiyo, hadi tulipompeleka Bungoma kumzika.